Kusi, upepo wa kusini, ikishika, nani hasa wa kusema boti za kuvukia zisitoke?

Maalim_wa_Mkoani (aliyeanzisha mada)

Assalaam alaykum jamani. Mie nnasomesha skuli iliyoko kisiwa kidogo hapo mbele ya Mkoani, wa Pemba mshakijua, kwa hivyo kila siku ya kazi nnavuka asubuhi nnarudi mchana, mwaka wa tano huu. Nna suali na naomba wenye ujuzi wa bahari wanisaidie, maana wallahi limenikaa rohoni tangu juma lililopita.

Usiku wa Jumatatu TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walitoa angalizo redioni, upepo mkali unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ukanda wote wa pwani pamoja na Unguja na Pemba. Asubuhi yake nikasikia boti kubwa ya kwenda Unguja imeahirishwa. Nikasema hewala, basi na sisi leo hatuvuki. Nafika dikoni, pale tunapopandia, nakuta mashua yetu ya mbao, yenye ile mashine ndogo ya nyuma, inapakia kama kawaida! Tulikuwa watu 23, niliwahesabu mwenyewe, na magunia matatu ya unga na kreti za soda, majaketi ya kuokolea yalikuwa manne na mawili kati ya hayo kamba zake zimekatika. Nikapanda. Ndo hapo ninapojilaumu, nilipanda kwa sababu kila mtu kapanda na wanafunzi wananisubiri.

Tulipotoka tu kwenye kinga ya nchi kavu wimbi likaja ubavuni likamwagika ndani, halafu jengine, kijana anakumba maji kwa galoni lililokatwa hawahi, mama mmoja jirani yangu akanipa mwanawe mchanga nimshike, akafungua bakuli lake la chakula akamwaga wali baharini akaanza kukumba na yeye. Mashine ikazima. Nahodha alivuta kamba mara sita ndo ikashika, na muda wote ule chombo kimekaa ubavu kwa wimbi, yule mtoto mikononi mwangu kanikamata kidole hata halii. Tukafika, alhamdulillah, maji ndani yako kwenye goti.

Nilimfata nahodha baadae kwa adabu tu, si mtu mbaya yule, mtu mzima na anajua kazi. Akanambia, "Maalim, mie nikikataa kutoka atatoka mwengine, nauli ataichukua yeye na kesho abiria watamfata yeye." Sikuwa na la kumjibu.

Sasa jana usiku nlikuwa nasoma khabari za mito ya huko Marekani, kumbe majira ya baridi mito inaganda barafu na wanayo taratibu kabisa ya kuzuia vyombo, haifungwi ovyo, barafu ikifika hivi chombo cha mbao hakiruhusiwi, ikizidi safari ni mchana tu, ikizidi tena ndo wanafunga. Nikajiuliza sisi mbona tuna mawili tu, ama boti kubwa zimesimama ama kila mtu na nafsi yake? Na hizi mashua ndogo za kuvukia nani mwenye neno juu yake, sheha, bandari, au nahodha mwenyewe? Nauliza kwa sababu tuna kikao cha kijiji na nataka niende na kitu cha kusema.

Baharia_Mtoni

Waalaykum salaam maalim, na pole sana kwa mtihani huo. Mie ni mtu wa Wete lakini nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye matishari, vyombo bapa vya mizigo, ya mto Danube huko Ulaya, kwa hivyo hilo la barafu nimeliona kwa macho yangu, ngoja nikueleze maana watu wengi wanafikiri ni baridi tu.

Februari 2012 mto ule uliganda, vyombo vikasimamishwa karibu njia nzima, Austria, Serbia, Bulgaria, Romania. Sisi tulikuwa tumefungwa gatini. Usiku ukilala unasikia barafu inasugua bati la chombo karibu na kichwa chako, kama mtu anayeburura jiwe la kusagia, hulali. Na khatari yake si kugonga tu. Kwanza mashine inavuta maji ya mto ili ijipoze, sasa maji yakishakuwa kama uji wa barafu yanaziba tundu la kuvutia, mashine inachemka inazima, ushabaki unachukuliwa na mto huna nguvu. Pili maboya ya kuonesha njia yanakokotwa na barafu, mengine yanazamishwa kabisa chini yake, unaangalia mbele unaona weupe mtupu hujui kina kiko wapi. Tatu kipande cha barafu kina ncha, kinakata ubao pale pale usawa wa maji kama msumeno. Ndo sababu unaona wanasema chombo cha mbao hapana, cha chuma ndio. Mtu hakukaa akatunga sheria, barafu yenyewe imewafundisha.

Huko Marekani mwenye neno ni mtu mmoja. Kikosi chao cha ulinzi wa pwani kina afisa kwa kila eneo la bandari, na sheria imempa uwezo wa kusema kuanzia leo sehemu hii vyombo vya aina hii tu, au tishari idadi hii tu kwa safari moja, au mashine isiyopungua nguvu kadhaa, au mchana tu. Hangojei nahodha akubali. Na yeye hachukui nauli. Hilo maalim ndo lishike vizuri, anayefunga hana biashara kwenye kile anachokifunga.

Halafu jengine, mambo mengi yanajulikana mapema. Yale malango makubwa ya Soo yanayopitisha meli baina ya ziwa Superior na maziwa mengine hufungwa tarehe 15 Januari mpaka 25 Machi, kila mwaka, kila mwenye meli anajua na anapeleka mzigo wake kabla. Kwenye mto Mississippi kuna pahala unatanuka ukawa kama ziwa, paitwa Lake Pepin, barafu ya hapo ndo huchelewa kuyeyuka, basi kila Februari wataalamu wao wanakwenda kupima unene wake ili wenye matishari wajue lini wataweza kupita. Wanapima, hawakisii.

Na mwisho, tuliona Belgrade ile ile 2012 barafu ilipoanza kuachia. Watu walishafurahi baridi imepungua. Yale mapande yakaanza kutembea kwa pamoja yakang'oa maboti na mikahawa inayoelea iliyokuwa imefungwa kando ya mto, yakaviponda. Kwa hivyo kufungua nako kuna hesabu yake, si jua likitoka tu basi.

Nahodha_Mstaafu_Nungwi

Nimesoma yote. Kijana wa Danube kasema vizuri na maalim nakupa pole, ila na mie nina langu maana nimekaa baharini zaidi ya miaka arubaini, jahazi kwanza halafu mashua za mashine, na huu mkondo wa Nungwi naujua.

Barafu unaiona. Ikishafika ipo, kesho ipo, mtu anaweza kwenda kuipima. Upepo hauko hivyo. Kusi ya mwezi wa saba unaweza kutoka alfajiri bahari imelala, saa nne upepo umeamka, saa saba huwezi kusimama omo, mbele ya chombo. Sasa ukisema leo siku nzima kufungwa, yule aliyeona alfajiri shwari atasema hawa waongo, na kesho ukifunga kwa haki hatokusikiliza. Nimeona hivyo mara nyingi. Angalizo la TMA linasemea pwani nzima tokea Tanga mpaka Mtwara na visiwa, ni jema na mtu alisikilize, lakini haliwezi kujua mlango wenu mdogo hapo Mkoani maji yanatoka saa ngapi.

Na maji ndo kitu ambacho watu wa nchi kavu hawakitazami. Upepo ule ule, maji yakienda nao wimbi linakuwa refu, linakunyanyua linakushusha, chombo kinavumilia. Maji yakigeuka yakaja kuukabili upepo, wimbi linasimama kama ukuta, fupi fupi, moja juu ya jengine, na hilo ndo linamwagika ndani. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, ndo khasa. Maalim nakuuliza, siku ile mwezi wa angani ulikuwa na siku ngapi? Maana ulivyoeleza wimbi la ubavuni moja baada ya jengine mie naona mlitoka saa ambayo si yake, pengine mngengoja saa mbili mngevuka salama na upepo huo huo.

Hili la kufunga bahari wala si geni kwetu, tusione kama ni jambo la Wazungu. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yanaondoka huku kusi inapoanza, au yanangoja mwishoni kwenye demani, kusi inapopungua, ule mwezi wa sita na wa saba wenyewe hayatoki, wamefunga. Watu walikuwa na tanga kubwa na ujuzi mkubwa na bado walikaa wakangoja. Sisi tumepata mashine ya nyuma tukadhani tumeishinda bahari.

Bi_Mwani

Jamani na sisi tusikilizwe. Mie niko Tumbatu, kila kitu chetu kinapitia Mkokotoni, unga, gesi, mgonjwa, maiti hata. Mkisema fungeni mnasema nyie mnaolipwa mwisho wa mwezi. Mie nisipovuka siku tatu mwani wangu unakaa, mnunuzi haji, na mtoto anataka pesa ya skuli.

Sisemi tusifungiwe, sikiliza vizuri, mie mwenyewe nimewahi kupanda nikasoma shahada njia nzima na sitaki tena. Nasema wakifunga waseme na mgonjwa atavuka na nini. Mwaka juzi dada yangu alishikwa na uchungu usiku upepo uko juu, hakuna aliyetaka kutoka na hawana makosa, mwisho akapatikana mtu na mashua yake kwa huruma tu, akatuvusha. Je asingepatikana? Huko kwenye mito yao mtu akiumwa anaachwa?

Baharia_Mtoni

Bi Mwani umegusa penyewe, na hapana hawaachwi. Mto Hudson kwa mfano, unaoshukia New York, kuna watu wengi huko juu wanategemea mafuta ya kupashia nyumba moto na mengi yanapanda kwa matishari. Kwa hivyo barafu ikikaza wale wale wa ulinzi wa pwani wanatoa meli za kuvunjia barafu, zinapasua njia, matishari yanafata nyuma. Anayefunga ndo huyo huyo mwenye jukumu la kupitisha kilicho lazima. Kwetu ingekuwa sawa na kusema mashua zimesimama lakini iko boti moja madhubuti, ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, au hata ya kijiji, inajulikana iko wapi na nani wa kumpigia, kwa ajili ya mgonjwa na mzazi. Bila ya hiyo kufunga kunakuwa adhabu kwa watu wa visiwani, nakubaliana nawe.

Kijana_wa_Darajani

Mie naona watu wasisahau tulikotoka. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, watu walizidi, usiku, baina ya Unguja na Pemba, mamia wakaondoka. Haujafika hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar, hiyo ilikuwa kusi yenyewe, upepo na mawimbi. Na ile Skagit ilikuwa imeundwa 1989 kwa kazi ya huko jimbo la Washington Marekani, maji yaliyozungukwa na ardhi, si bahari wazi kama yetu ya mwezi wa saba. Kwa hivyo hili analosema baharia kwamba chombo gani kwa hali gani ndo suala lenyewe, si upepo peke yake. Kilomita 40 kwa saa kwa meli kubwa ni kitu chengine na kwa mashua ya mbao ya watu 23 ni kitu chengine kabisa.

Na tunaweza tukitaka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja boti za Dar na Unguja zilisimamishwa, watu walilala mabandarini na majumbani kwa jamaa, walilalamika, wakasafiri hali ilipotulia. Mbona iliwezekana? Kwa sababu lilitoka neno moja na kila mwenye boti alisimama, hakuna wa kumwibia mwenziwe abiria. Yule nahodha wako maalim anataka hilo tu, mwenziwe asitoke. Akihakikishiwa hilo nadhani atakuwa wa kwanza kufunga kamba.

Kuhusu nani mwenye mamlaka, kusajili na kukagua vyombo ni kazi ya ZMA, mamlaka ya usafiri baharini Zanzibar, lakini afisa hawezi kusimama kila diko alfajiri. Ndo maana mnahitaji makubaliano yenu hapo hapo, na mkaombe wayatie mkono.

Maalim_wa_Mkoani

Nawashukuru nyote, nimesoma mara mbili. Nahodha wetu wa Nungwi, nilikwenda kuangalia kalenda, ile Jumanne mwezi ulikuwa wa kumi na sita, bamvua kamili, na maji yalikuwa yanatoka. Kumbe! Miaka mitano nnavuka sijawahi hata siku moja kuangalia.

Nimeshazungumza na manahodha wetu wanne kati ya watano, jana baada ya alasiri, tulikaa pale chini ya mti wa mkungu. Tumekubaliana haya ya kupeleka kikaoni. Siku ya angalizo, hakuna kutoka maji yanapokabili upepo, wanangoja yageuke, na saa za maji zitaandikwa ubaoni dikoni tangu jana yake ili mtu apange safari zake. Idadi itapungua. Mizigo mizito haipandi na watu. Ikiwa ni tahadhari, ile ya rangi ya chungwa iliyo juu ya angalizo, hakuna mashua inayotoka isipokuwa moja, ile ya faiba yenye mashine mbili, na hiyo ni kwa mgonjwa tu. Bi Mwani hilo lako nimeliweka la kwanza na nimesema tuchangishe mafuta yake tuyaweke kando yasiguswe. Wa kusimamisha watakuwa wawili kwa zamu, wazee waliokwisha acha uvuvi, hawana chombo wala hisa kwenye chombo. Nauli ya siku iliyofungwa, hapo bado hatujaafikiana, kuna anayesema manahodha wagawane sawa mapato ya siku inayofata na kuna aliyeondoka kwa hasira, ntamfata nyumbani.

Nahodha moja nakuomba. Hiyo idadi ya watu tuiweke ngapi? Kila mtu anasema yake.

Nahodha_Mstaafu_Nungwi

Maalim usiweke idadi kwa mdomo, vyombo havilingani. Pima. Asubuhi maji yametulia, pakia watu mmoja mmoja, na kila wakiongezeka wawili tia mkono wako nje ya ubavu, pale kati ambapo chombo kiko chini zaidi, tokea maji mpaka ukingo wa juu. Mie upepo ukiwepo sikuwahi kutoka ikiwa chini ya shubiri mbili, na wakati wa utulivu sikushuka chini ya moja na nusu. Ukishapata, piga alama ya rangi kwenye ubao nje, nyekundu, inayoonekana na abiria aliyeko nchi kavu. Mstari ukizama mtu anashuka, hata awe nani. Na angalieni nguruzi, kizibo cha tundu la chini, imekazwa, na chombo kikauke ngama, maji ya chini ndani, kabla ya kupakia, mashua iliyokunywa maji chini inakudanganya kipimo.

Bi_Mwani

Na majaketi maalim. Manne kwa watu 23 hata ukapima shubiri kumi.

Maalim_wa_Mkoani

Bi Mwani umo, tumehesabu yaliyopo dikoni kwa vyombo vyote vitano, mazima 19. Hatoki nahodha na watu zaidi ya majaketi aliyonayo, hilo hata yule aliyekasirika alilikubali kabla hajaondoka.

Nahodha, tumepima leo baada ya sala ya alfajiri, bahari kimya. Mashua ile ile. Watu 23 bila ya unga wala soda ilikuwa shubiri moja na vidole vitatu. Tukawashusha mmoja mmoja. Shubiri mbili tulizipata kwa watu 14. Nahodha wangu alitia mkono mara tatu hakuamini, halafu akamtuma mwanawe dukani kununua rangi.

Kikao ni Ijumaa baada ya sala. Ntarudi hapa kuwaambia inshaallah.